Data za fildi ni za nani: zako, za supavaiza au za chuo? Jinsi ya kujipanga kabla hazijaleta ugomvi

Ukifungua disatesheni yoyote ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kurasa za mwanzo kabisa kabla hata ya shukrani kwa baba na mama, unakuta kale kaukurasa ka hakimiliki ambako kila mtu anakakopi kwa aliyemtangulia. Kanasema kazi hii inalindwa na Mkataba wa Berne pamoja na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na huruhusiwi kuizalisha bila ruhusa ya maandishi ya mkurugenzi wa masomo ya uzamili kwa niaba ya mwandishi na chuo. Hebu rudi usome hayo maneno ya mwisho taratibu. Mwandishi NA chuo. Yani hata kitabu chenye jina lako kwenye gamba una mwenzio ndani yake, na hapo tunaongelea kitabu tu, hatujafika kwenye maboksi ya dodoso, rekodi za sauti zilizojaa kwenye simu na lile faili la Excel ulilokesha nalo.

Ugomvi ukitokea mara nyingi ni wa hayo maboksi na hilo faili, kitabu hakina shida. Nimekuwa mdodosaji, nikawa msaidizi wa utafiti, afu nikaja kuwa mwanafunzi wa uzamili mwenyewe, kwaiyo nimekaa pande zote za meza. Nilichokiona ni kwamba watu wanabishana "data ni zangu, data ni zangu" wakati swali lina watu watatu ndani yake: mwenye mali, mtunzaji, na mtu aliyetoa taarifa zake mwenyewe kwa hiari yake. Hao watatu ukiwatenganisha kwenye karatasi mapema, kinachobaki ni kazi ya kabati na paswedi.

Mwenye mali: fuata hela

Njia ya haraka ya kujua ni kuangalia hela imepita wapi na nani kasaini. Kama mradi una granti, yani hela ya mfadhili, mara nyingi ule mkataba haukusainiwa na profesa kwa jina lake la nyumbani, umesainiwa na chuo, profesa kaandikwa humo kama mtafiti mkuu. Kwaiyo kwa kawaida rekodi zinahesabika za chuo, labda mkataba useme vingine, maana wapo wafadhili wanaotaka umiliki au sehemu yake, ndo maana unausoma na sio kuuhisi. Profesa yeye ni mtunzaji. Anaamua mambo ya kila siku, anazitumia, na zikiulizwa yeye ndo anajibu. Ni cheo kikubwa, ila sio umiliki.

Ukitaka kuona tofauti ya hivyo vitu viwili subiri mtu ahame. Huko California mwaka 2015 profesa mmoja aliyekuwa anaongoza utafiti mkubwa wa ugonjwa wa Alzheimer's alihama kutoka chuo cha UC San Diego kwenda chuo kingine, USC, ukazuka mgogoro nani ashike data na mifumo yake, UC San Diego wakaenda mahakamani. Kesi ikaja kuisha 2019 kwa USC kulipa dola milioni 50 na kuomba radhi hadharani. Milioni 50 za dola! Na hao ni watu wenye wanasheria wa kutosha, wewe una boksi la A4 na bando la wiki.

Mwanafunzi sasa. Hapa kuna hali mbili na watu wanazichanganya. Kama umeingia kwenye mradi wa supavaiza, ada yako inatoka kwenye granti yake, dodoso alikuwa nalo tayari na wewe umepewa kipande, basi data ni za mradi, wewe una haki ya kuzitumia kwenye tasnifu yako na kutajwa kwenye makala, ila huwezi kuzibeba ukampelekea mtu mwingine. Kama umejilipia mwenyewe kwa mkopo wa saccos na wazo ni lako toka mwanzo, dai lako lina nguvu zaidi, lakini bado soma sera ya chuo kwasababu ulipojisajili ulisaini fomu ya kufuata taratibu zao, na vyuo vingi vinajiwekea haki fulani hasa ukitumia maabara na vifaa vyao. Sera hizo mara nyingi zinakaa kwenye tovuti ya kurugenzi ya utafiti kama PDF isiyofunguliwa na mtu, itafute, soma sehemu ya milki bunifu na sehemu ya utafiti, haizidi nusu saa.

Kitu kingine kinachochanganya ni hakimiliki. Hakimiliki inalinda maandishi yako, jinsi ulivyoyapanga, majedwali ulivyoyachora. Hailindi ukweli wenyewe. Kwamba kaya 112 kati ya 300 zinapikia mkaa sio shairi lako, huwezi kulimiliki kwa sheria hiyo. Ndo maana nani ashike data inaamuliwa zaidi na mikataba, sera na vibali kuliko ile sheria ya 1999. Kama huna karatasi huna hoja, una hasira tu.

Vibali navyo vina maneno yake

Watu wanachukulia kibali kama tiketi ya kuingilia fildi. Geuza nyuma usome masharti. Tanzania bara kuna COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia iliyoanzishwa kwa sheria namba 7 ya 1986, na kwa mambo ya afya kuna NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, iliyoanzishwa kwa sheria namba 23 ya 1979, na hao NIMR kama sampuli za damu au data zinaenda nje ya nchi wanataka mkataba wa uhamishaji, wa sampuli kivyake na wa data kivyake. Sio jambo la kumalizana kwa imeili na rafiki yako wa Ulaya anayekwambia "nitumie tu hilo faili nikusaidie analisisi". Zanzibar wana utaratibu wao, usiende na karatasi za bara ukadhani umemaliza. Ndugu zetu wa Kenya leseni ya NACOSTI, tume yao ya sayansi, inasema wazi kwamba haikupi ruhusa ya kuhamisha vifaa vya utafiti, na ripoti ya mwisho wanaitaka ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza. Ukikusanya haya yote utaona kumbe kuna mtu wa nne mlangoni, serikali, ambaye hamiliki dodoso zako ila ana neno kuhusu zinakokwenda.

Ongea na supavaiza kabla ya basi la fildi

Hapa ndo wengi tunakwama kwasababu ya heshima. Utamwambiaje Prof, mtu mzima, mmeanza vizuri, "tuandikishane"? Inaonekana kama humwamini. Mimi nilikaa kimya, nikajifunza kwa gharama: nilimaliza fildi, mambo yakabadilika ofisini, aliyekuja kushika mradi akaniambia hanijui na hajui makubaliano yoyote, na kweli hakuna karatasi iliyokuwa inanijua. Miezi minne nasubiri ruhusa ya kutumia dodoso nilizozunguka nazo mwenyewe kwa bodaboda.

Kwaiyo usiite mkataba, iite nukta za kukumbushana. Andika hivi: "Shikamoo Prof. Natumaini umeamka salama. Kabla sijaondoka kwenda fildi nimeandika nukta chache kuhusu utunzaji wa data kama nilivyoelewa mimi, naomba unirekebishe nilipokosea ili nisije nikaharibu huko mbele." Umeona? Anayeogopa kuharibu ni wewe, yeye anarekebisha, na kurekebisha ndo kazi wanayoipenda. Akijibu hata "sawa" kwenye imeili, umeshapata kumbukumbu. WhatsApp nayo sio mbaya ila simu zinaibiwa, imeili ni bora.

Kwenye hizo nukta weka nani anamiliki data za mradi huu na hilo limeandikwa kwenye karatasi gani. Nakala halisi za karatasi zitakaa chumba kipi, nani ana funguo. Nani ana paswedi za akaunti. Wewe una haki ya kuandika makala zipi kwanza na kwa muda gani kabla wengine hawajaanza kutumia, na majina ya waandishi yatapangwaje, hili la majina usiliruke hata kama unaona aibu kulitaja. Ukimaliza masomo unaondoka na nakala ya nini. Yeye akistaafu au akihama nani anashika. Na mwisho zitatunzwa miaka mingapi na nani ana mamlaka ya kuzifuta. Ukurasa mmoja unatosha, ukifika kurasa tano hatausoma.

Kama kuna wadodosaji, wape na wao sentensi moja yao ya kusaini: data hazibaki kwenye simu zao baada ya kazi. Watasaini bila shida, kwanza wanachoulizia ni posho.

Aliyekupa taarifa sio kapu la kuchotea

Fomu ya ridhaa ndo mkataba wako na mhojiwa, na wengi wanaikopi kama kale kaukurasa ka hakimiliki. Matokeo yake mtu anaandika "taarifa zako zitaonwa na mtafiti peke yake na zitateketezwa baada ya utafiti", afu miaka miwili mbele jarida linamwambia weka data wazi, au mfadhili anazitaka, anaanza kuhaha. Umeshaahidi kuzichoma, huwezi tena kuzigawa. Andika unachoweza kutimiza: majina yataondolewa, data zisizo na majina zinaweza kutunzwa na chuo na kutumiwa na watafiti wengine, mhojiwa akubali au akatae hicho kipengele kivyake.

Na sasaivi sio maadili tu, ni sheria. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya wana yao ya 2019. Jina, namba ya simu, hali ya afya ya mtu, hivyo vyote ni taarifa binafsi, na wewe kuwa mwanafunzi hakukutoi kwenye hesabu. Cha kufanya sio kigumu: kila mhojiwa mpe namba, dodoso liwe na namba tu, na daftari linalounganisha namba na jina likae mbali na dodoso, kabati lingine, paswedi nyingine. Fomu za ridhaa zenye saini nazo zisilale boksi moja na dodoso, maana ukiziweka pamoja umefanya kazi bure.

Niliwahi kununua karanga za mia mbili, nikafungua ile koni ya karatasi nikakuta ni ukurasa wa dodoso la utafiti, namba ya kaya, umri, swali la kama umewahi kupima. Sikujua limetoka wapi na sikutafuta, ila nilihisi limefikaje: mtu kastaafu, ofisi imesafishwa, karatasi zimeuzwa kwa kilo. Mwenye mali bila shaka alikuwepo, chuo fulani. Mtunzaji hakuwepo.

Kwa wanaofanya fasihi simulizi na historia mambo yanageuka kabisa. Bibi aliyekuimbia nyimbo za unyago au mzee wa Pemba aliyekusomea utenzi alioupokea kwa babu yake, huyo kumficha jina sio kumlinda, ni kumnyang'anya. Muulize anataka atajwe vipi, andika jina lake, mahali na tarehe, na urekodi jibu lake kwenye kinasa kabla hajaanza kuimba. Hiyo hiyo sheria ya 1999 ina sehemu yake inayolinda sanaa za jadi, kwaiyo usije ukajidanganya kwamba kwakuwa umebonyeza kitufe cha kurekodi utenzi umekuwa wako. Na mpelekee nakala. Flashi ya elfu kumi unamkabidhi mjukuu wake, imeisha.

Utunzaji wenyewe

Karatasi: kabati la chuma, sio sakafuni na sio kwenye boksi chini ya meza, mchwa hawasomi kibali. Ukirudi fildi skani kila kitu wiki hiyo hiyo kwa simu kama skana haipo, ukisema utafanya kesho hutafanya.

Akaunti: hili nalisema kwa sauti. Ukitumia programu za kukusanyia data kwa simu kama KoboToolbox au ODK usifungue mradi kwa imeili yako ya utotoni yenye jina la mpenzi wa zamani na paswedi unaijua wewe tu. Ila usifungue kwa imeili ya mwanafunzi ya chuo peke yake vilevile, kwasababu vyuo vingi vinafunga hizo imeili ukishahitimu, siku unahitaji data umefungiwa nje. Akaunti iwe ya mradi, watu wawili wawe na uwezo wa kuingia, wewe na supavaiza au wewe na idara.

Bakapu: kanuni ya zamani ni nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2 tofauti, na 1 ikae mahali pengine kabisa. Laptopu na eksternali kwenye begi moja ni nakala moja tu, mwizi wa daladala hatengi. Wala usidhani chuo kikubwa hakipotezi. Desemba 2021 Chuo Kikuu cha Kyoto kule Japani kilipoteza kama terabaiti 77 za mafaili ya watafiti kwenye kompyuta yao kubwa, sio kwa virusi, ni programu ya bakapu yenyewe iliyokosewa wakati wa kuiboresha ikaanza kufuta mafaili halisi. Na tarehe 18 Aprili 2021 moto ulishuka mlimani Cape Town ukaunguza chumba cha kusomea cha Jagger pale chuo kikuu chao pamoja na sehemu kubwa ya machapisho ya masomo ya Afrika yaliyokuwemo. Kile kilichokuwa kimeshaskaniwa ndo angalau kilibakiwa na nakala.

Majina ya mafaili: "final", "final2", "final ya ukweli", "final ya Prof" tuache jamani. Andika tarehe mwanzoni, mwaka kwanza, mwezi, siku, mafaili yatajipanga yenyewe. Data ghafi ifunge isibadilishwe kabisa, usafishaji ufanye kwenye nakala, na zile amri za programu ya takwimu, SPSS au Stata, zihifadhi, mtu akikuuliza baadae kwanini watu 14 wametoka kwenye sampuli uwe na jibu. Afu weka faili moja dogo la maelezo: data ni za nini, zilikusanywa wapi na lini, kila safu maana yake nini, namba ya siri kama 99 inasimama badala ya jibu gani, nani aombwe ruhusa. Hilo faili lina thamani kuliko sura ya pili ya tasnifu yako, samahani ila ndo ukweli.

Muda wa kutunza unategemea mfadhili. Hela ikitoka NIH, taasisi za afya za serikali ya Marekani, rekodi za mradi zinatakiwa zikae angalau miaka 3 toka ripoti ya mwisho ya fedha, na toka Januari 2023 wanataka mpango wa kutunza na kugawa data tokea unapoomba granti. EPSRC, wafadhili wa utafiti wa sayansi na uhandisi wa Uingereza, wao wanasema angalau miaka 10. Majaribio ya dawa yana masharti yake marefu, usijikadirie. Kama hakuna aliyesema chochote, mimi naenda na miaka 5 toka makala ya mwisho itoke, na hiyo ni hukumu yangu tu.

Siku ya kuondoka

Iwe unahitimu, unahama au supavaiza anastaafu, fanyeni makabidhiano kama ya mhasibu. Orodha ya kilichopo, maboksi mangapi, mafaili gani, paswedi zimebadilishwa lini, anayekabidhi asaini, anayepokea asaini, nakala moja kwa mkuu wa idara. Nakala halisi zinabaki chuoni, wewe unaondoka na kopi uliyokubaliwa, isiyo na majina ya watu. Kama chuo chako kina hifadhi ya kidijitali weka humo. Kama inasuasua kuna Zenodo, hifadhi ya mtandaoni inayoendeshwa na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, ni bure, kila rekodi inapokea mpaka gigabaiti 50, unaweza kuzifunga mtu asizione bila ruhusa, na inakupa namba ya kudumu ya kunukuliwa. Ila kwanza angalia fomu ya ridhaa na kibali vinaruhusu, nimeshasema.

Ukigombana na mtu katikati ya safari, usishike data mateka. Kufuta folda, kubadilisha paswedi usiku, kuondoka na kabrasha, hayo yanakugeuza wewe mkosaji hata kama ulionewa. Andika, ambatanisha zile nukta, anza na supavaiza mwenyewe, kisha mkuu wa idara, kisha kurugenzi ya uzamili.

Na kama umesharudi fildi na hamkuandikishana chochote, bado hujachelewa. Leo usiku tuma ile "Shikamoo Prof" ukiibadilisha kidogo, sema unapanga mafaili na unataka uhakika wa nani anatunza nini. Akijibu "tutaongea", nenda mkaongee, ukirudi muandikie "asante kwa mazungumzo ya leo, nilivyoelewa ni hivi na hivi", tuma, na hiyo imeili iskrinishoti uiweke nje ya akaunti ya chuo.